Mikanda Iliyoona Vita

Asubuhi ya Julai 1, 1916, karibu na kijiji cha Beaumont-Hamel kaskazini mwa Ufaransa, Geoffrey Malins alisimama nyuma ya kamera yake, lenzi ikielekea kilima ambacho Waingereza walikiita Hawthorn Ridge. Kamera yenyewe ilikuwa sanduku zito lililowekwa juu ya miguu mitatu, na ubavuni lilikuwa na mpini. Mpiga picha aliuzungusha kwa mkono, mizunguko miwili kila sekunde, bila kuharakisha wala kulegea, kwa kuwa mwendo wa mkono wake ndio uliopima mwendo wa watu watakaoonekana baadaye kwenye pazia la sinema. Chini ya kilima kile wachimbaji wa jeshi la Uingereza walikuwa wamepitisha njia ya chini kwa chini mpaka kwenye ngome ya Wajerumani, wakaijaza baruti, tani 18 hivi. Malins alikuwa ameambiwa italipuliwa saa 1:20. Akaanza kuzungusha mpini mapema kidogo. Sekunde zikapita, mkanda ukazidi kupungua ndani ya kamera, na kilima kimetulia tuli. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1920 anaeleza jinsi alivyoingiwa na hofu kwamba mkanda ungeisha kabla ya mlipuko. Halafu ardhi ikatikisika, akaing'ang'ania kamera isianguke, na mbele yake udongo ukapanda angani, mweusi na mwingi, ukasita juu kwa muda kabla ya kuanza kumwagika.

Picha ile haikuigizwa hata kidogo. Ni moja ya picha za vita zilizotazamwa zaidi duniani, na anayeijua historia yake huitazama kwa uchungu, kwa sababu askari wa miguu walikuwa wamepangiwa kutoka kwenye mahandaki saa 1:30. Zile dakika 10 kati ya mlipuko na shambulio ziliwatosha Wajerumani kujua kinachokuja, kutoka mashimoni mwao na kuweka bunduki zao za rashasha tayari. Hadi jioni jeshi la Uingereza lilikuwa limepoteza watu 57,470 kwa kuuawa, kujeruhiwa, kutekwa au kupotea. Waliokufa ni 19,240. Haijatokea siku nyingine kama hiyo katika historia ya jeshi lile.

Malins na mwenzake, John McDowell, walitumia siku chache za mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai kupiga kila walichoweza. McDowell alikuwa upande wa kusini, karibu na Fricourt na Mametz, ambako Waingereza walisonga mbele kidogo. Wakapata mizinga ikifyatuka, mateka wa Kijerumani wakipita wakiwa wamechoka, majeruhi wakifungwa bendeji, farasi waliokufa njiani. Wakapata pia kikosi cha Lancashire Fusiliers kikiwa kimejibanza katika barabara iliyozama kati ya kingo mbili za udongo, mbele kabisa ya mstari wao, wakingoja amri. Vijana wale wanaigeukia kamera. Mmoja anatabasamu, mwingine anatazama tu, macho yamekaza. Ndani ya saa moja wengi wao walikuwa wameuawa au kujeruhiwa.

Kitu kimoja hawakukipata, nacho ndicho ambacho watu wa nyumbani walitaka kukiona: lile tendo lenyewe la askari kupanda kutoka handakini na kwenda kumkabili adui. Kamera ya wakati ule ilihitaji miguu mitatu na mtu aliyesimama wima nyuma yake. Kuiinua juu ya ukingo wa handaki kulikuwa ni kujitoa kafara. Lenzi za kuvuta vitu vya mbali zilikuwa duni, na mkanda ulihitaji mwanga mwingi. Kwa hiyo tukio hilo liliigizwa. Wataalamu waliolichunguza baadaye wanaamini lilipigwa nyuma ya mstari wa mapambano, katika shule ya mafunzo ya mizinga midogo. Dalili zipo kwa anayetazama kwa makini. Handaki ni fupi mno, na askari hawana mizigo mgongoni, ilhali siku ile kila askari alibeba mzigo mzito. Mmoja wa wale "waliouawa" anaonekana akikunja miguu yake ajilaze vizuri.

Filamu ikapewa jina The Battle of the Somme. Ilionyeshwa kwa wageni waalikwa jijini London Agosti 10, 1916, na kuanzia Agosti 21 ikawa katika majumba 34 ya sinema ya jiji hilo, kisha nchi nzima. Vita vyenyewe vya Somme vilikuwa bado vinaendelea, vikaendelea hadi Novemba. Inakadiriwa kuwa tiketi milioni 20 ziliuzwa katika wiki sita za kwanza, katika nchi ya watu milioni 43 hivi. Mama aliingia ukumbini akitumaini kumwona mwanawe japo kwa sekunde mbili. Wapo waliopinga: Hensley Henson, kiongozi wa kanisa kuu la Durham, aliliandikia gazeti la The Times akilalamika kwamba mateso ya watu yamefanywa burudani. Na kwa mujibu wa maelezo ya wakati ule, mahali ambapo watazamaji walilia kwa sauti ni pale askari wawili wanapoanguka wakiwa ndiyo kwanza wametoka handakini. Tukio la kuigiza ndilo lililowatoa machozi. Wafu wa kweli wamo katika filamu hiyo hiyo, wamelala kwenye nyasi, na watu waliwaona kimya kimya.

Wajerumani walijibu kwa filamu yao ya Somme mwanzoni mwa 1917, nayo ikiwa na maigizo tele.

Nalisisitiza jambo hili la kuigiza kwa sababu lina matokeo ya miaka mingi. Malins na McDowell walikuwa mashujaa, na sehemu kubwa sana ya kazi yao ni ya kweli tupu. Sekunde chache za uongo ndani ya zaidi ya saa moja ya ukweli zinaonekana ni kitu kidogo. Lakini baada ya vita, watu wa Ulaya walipogundua ni mangapi waliyodanganywa na magazeti na mabango ya serikali zao, walijifunza kutilia shaka kila picha ya ukatili. Shaka hiyo ilikuwapo bado mwaka 1945, kamera zilipoingia mahali pengine.

Kabla ya kufika huko, nirudi nyumbani kidogo. Julai 7, 1916, siku sita tu baada ya mlipuko wa Hawthorn Ridge, majeshi ya Uingereza yaliingia Tanga. Mwezi Septemba yakaingia Dar es Salaam. Vita vya Afrika Mashariki vilidumu hadi Novemba 25, 1918, Jenerali wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha Abercorn, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Waingereza peke yao walikusanya wapagazi wapatao milioni moja, wengi kwa nguvu, na waliokufa wanakadiriwa kuwa 95,000 au zaidi, kwa njaa, kuhara, malaria na uchovu. Hakuna filamu ya saa nzima iliyopigwa wakati ule kuhusu watu hawa. Hakuna jumba la sinema ambamo mama wa Kitaita au wa Kinyamwezi alingoja kuuona uso wa mwanawe. Iko Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, na yapo makaburi. Kamera zilipelekwa kule ambako serikali zilitaka watazamaji wao waangalie, na asiyepigwa picha wakati ule hatapatikana tena, hata hifadhi zote za dunia zikifunguliwa.

Yale yaliyopigwa nayo yalikuwa hatarini. Mkanda wa filamu wa zama zile ulitengenezwa kwa seluloidi ya nitreti, ndugu wa baruti. Ukishika moto hauzimiki kwa maji, kwa sababu unajitengenezea hewa ya kuungulia. Hata usipowaka, unaoza. Kwanza picha hufifia, kisha mkanda huwa unanata na kutoa harufu kali, mwisho unageuka unga wa rangi ya kahawia ndani ya kopo lake. Makumbusho ya Vita ya Uingereza, Imperial War Museum, yalianzishwa 1917 vita vikiwa bado vinapiganwa, na mwaka 1920 yalipokea filamu za serikali, ile ya Somme ikiwamo. Wakati huo karibu hakuna aliyeona sababu ya kuhifadhi filamu iliyokwisha kuonyeshwa. Makampuni ya sinema yaliyeyusha mikanda ya zamani ili kupata madini ya fedha yaliyomo. Makumbusho haya yakawa miongoni mwa taasisi za kwanza duniani kuweka filamu kama nyaraka. Mwaka 1931 negativu ya Somme ilikuwa imeanza kuharibika, ikanakiliwa. Nakala hiyo ndiyo iliyotuokoa, na mwaka 2005 UNESCO iliiingiza filamu hiyo katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia.

Vita vya pili vilipoanza 1939, Wizara ya Habari ya Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni ili kuwaelezea Waafrika vita na kuwaomba nguvu zao. Kiliongozwa na William Sellers, aliyewahi kuwa mtumishi wa afya Nigeria na kutengeneza filamu za kufundisha usafi. Magari ya sinema yalizunguka vijijini na mashine ya umeme, pazia na kipaza sauti, na mtu wa pale pale akieleza kwa lugha ya wenyeji yanayoonekana. Sellers alikuwa na kanuni zake: picha iende polepole, kamera isirukeruke, tukio lionyeshwe kwa mfululizo mrefu bila kukatwakatwa. Aliamini Mwafrika hawezi kufuata filamu iliyohaririwa kama ya Ulaya. Ilikuwa dharau iliyovaa koti la utaalamu, na vijana waliokuwa wakitazama sinema za Marekani huko Nairobi na Dar es Salaam waliikanusha kila wiki kwa kuelewa kila kitu. Nimeitaja kanuni hiyo kwa sababu kabla ya 1945 kwisha, katika chumba kingine cha kuhariri jijini London, ilipendekezwa tena kanuni hiyo hiyo ya picha ndefu zisizokatwa. Safari hii watazamaji walikuwa Wazungu, na hofu ilikuwa kwamba wangekataa kuamini.

Aprili 15, 1945, jeshi la Uingereza liliingia katika kambi ya Bergen-Belsen, kaskazini mwa Ujerumani. Ndani walikuwamo wafungwa wapatao 60,000, wengi wakifa kwa njaa na homa ya chawa, na maelfu ya maiti zisizozikwa zikiwa zimetapakaa kati ya mabanda. Pamoja na askari waliingia wapiga picha wa Kitengo cha Filamu na Picha cha Jeshi. Walikuwa askari wenye cheo cha sajenti, waliofundishwa kamera katika studio za Pinewood, na walikuwa wamekwisha kuviona vita vya kutosha. Sajenti Mike Lewis, kwa mfano, alikuwa Arnhem Septemba 1944, alikoruka na askari wa miavuli. Alikuwa mtoto wa Wayahudi waliohamia London kutoka Poland. Kule Belsen alipiga picha za watu ambao wangeweza kuwa binamu zake.

Kamera zao zilikuwa nyepesi kuliko ya Malins, za kushika mkononi, zikiendeshwa kwa springi iliyokazwa kama saa ya ukutani. Mkanda wa futi 100 ulidumu dakika moja na sekunde chache tu. Mtu mwenye sekunde 67 mkononi hujifunza kuzibana: sekunde tano hapa, sekunde sita pale. Ndiyo maana mikanda ya Belsen inashangaza. Kamera inaanza kwenye uso wa ofisa wa SS au meya wa Kijerumani aliyesimama na kofia mkononi, inageuka taratibu bila kukatika, na inafika kwenye shimo. Uso na shimo vimo katika fremu zilizofuatana, na hakuna anayeweza kusema baadaye kwamba vilipigwa mahali tofauti vikaunganishwa kwa gundi.

Sidney Bernstein, aliyesimamia filamu katika idara ya propaganda ya makao makuu ya majeshi ya Muungano, alifika Belsen Aprili 22. Alikuwa mfanyabiashara wa majumba ya sinema na mtu aliyewachukia Wanazi tangu mwanzo, na alichokiona kilimfanya atake filamu nzima ya kuwaonyesha Wajerumani. Akaagiza wapiga picha wahakikishe wenyeji wa jirani wanaonekana ndani ya picha wakishuhudia. Aprili 24 viongozi wa miji ya karibu, Celle ukiwamo, waliletwa na kusimamishwa kando ya kaburi la halaiki. Walinzi wa SS, wanaume kwa wanawake, walilazimishwa kubeba maiti kwa mikono. Baadaye, kwa kuogopa maradhi, likaletwa tingatinga.

Pamoja na kila mkanda mpiga picha alituma karatasi ya maelezo: tarehe, mahali, nani anaonekana, nini kinatendeka. Mtu akipitia karatasi hizi anaona jinsi sajenti alivyojitahidi kuandika kwa lugha kavu ya kijeshi, mpaka pale ambapo lugha ile inamshinda. Kwangu mimi karatasi hizi zina thamani sawa na mikanda yenyewe. Mkanda usio na karatasi ni picha ya maiti fulani, mahali fulani. Mkanda wenye karatasi ni ushahidi, na ndivyo ulivyotumika. Kamanda wa kambi, Josef Kramer, na wenzake walipofikishwa mahakamani Lüneburg Septemba 1945, filamu ya Belsen ilionyeshwa mbele ya majaji.

Bernstein alikusanya watu wa kazi hasa. Mhariri Stewart McAllister alikuwa bingwa wa filamu za vita za Uingereza, na mwenzake alikuwa Peter Tanner. Richard Crossman, aliyekuja kuwa waziri miaka ya 1960, alishiriki kuandika maelezo. Na Alfred Hitchcock aliitwa kutoka Hollywood, akafika katikati ya mwaka 1945 kushauri. Hitchcock hakupiga hata fremu moja kambini. Mikanda ilikuwa imeshapigwa kabla hajafika. Ushauri wake ulihusu uhariri: tumieni picha ndefu, acheni kamera igeuke bila kukata, msitumie hila yoyote itakayompa mtu mwanya wa kusema imetungwa. Akapendekeza pia ramani zionyeshe umbali kati ya kila kambi na miji ya jirani, ili asiwepo wa kudai kwamba hakujua. Ni neno zito likitoka kwa bingwa wa kutisha watu kwa mkasi wa mhariri. Mbele ya Belsen, shauri lake lilikuwa kwamba mkasi uwekwe chini.

Filamu haikumalizika. Wamarekani walichoka kungoja, wakajitoa Julai na kutengeneza yao fupi, Die Todesmühlen, iliyosimamiwa na Billy Wilder. Agosti, Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ilikuwa imeshabadili mawazo. Ujerumani ilikuwa magofu, msimu wa baridi unakuja, na watawala walitaka Wajerumani wafanye kazi kuliko wainamishe vichwa. Mvutano na Moscow nao ulikuwa unapanda. Septemba 29, 1945 sehemu tano kati ya sita zilionyeshwa kwa watu wachache. Kisha kila kitu kikawekwa kabatini: sehemu zile tano, mikanda ghafi ipatayo 100, maandishi ya msimulizi na orodha ya picha zote zilizokusudiwa. Mwaka 1952 shehena hiyo ilihamishiwa Imperial War Museum.

Miezi miwili baada ya kabati kufungwa London, pazia lilishushwa ndani ya chumba cha mahakama Nuremberg. Novemba 29, 1945 upande wa mashtaka ulionyesha filamu ya saa moja ya kambi zilizokombolewa na majeshi ya Magharibi. Kwanza vikasomwa viapo. George Stevens, mwongozaji wa Hollywood aliyeongoza wapiga picha wa jeshi la Marekani, aliapa kwamba picha ni za kweli. Mtaalamu wa mbinu za picha za sinema aliapa kwamba ameikagua mikanda na haikuchezewa. Taa ndogo zilikuwa zimewekwa kwenye kizimba ili nyuso za washtakiwa zionekane gizani. Hjalmar Schacht aligeuza mgongo, akakataa kutazama. Walther Funk alilia. Filamu, iliyokuwa burudani na propaganda kwa nusu karne, ikawa imepanda kizimbani na kula kiapo.

Wasovieti nao walikuwa na mikanda yao kutoka Majdanek na Auschwitz. Kambi ya Auschwitz ilikombolewa Januari 27, 1945, na mpiga picha Alexander Vorontsov alikuwa miongoni mwa walioingia. Aliyoyapiga yanatisha kwa ukweli wake. Lakini wiki kadhaa baadaye zilipigwa pia picha za wafungwa wakiwashangilia wakombozi kwenye lango, shangwe ambayo siku ya ukombozi haikuwapo, kwa sababu wengi wa waliobaki hawakuwa na nguvu ya kusimama. Kosa la 1916 lilitaka kurudiwa.

Huko Japani ukweli ulipigwa picha kwa uangalifu mkubwa, kisha ukafichwa. Baada ya mabomu ya Hiroshima, Agosti 6, 1945, na Nagasaki, siku tatu baadaye, kampuni ya habari za sinema ya Nippon Eigasha ilituma wapiga picha pamoja na wanasayansi. Mtayarishaji wao, Akira Iwasaki, alikuwa mhakiki wa sinema aliyewahi kufungwa na serikali ya kijeshi ya Japani kwa misimamo yake. Walianza Septemba. Walipiga vivuli vya watu vilivyobaki ukutani, ngozi zilizobabuka zikifuata mapambo ya kimono, nywele zikinyonyoka kichwani mwa watoto. Oktoba, polisi wa jeshi la Marekani walimkamata mmoja wao Nagasaki na kazi ikasimamishwa. Luteni Daniel McGovern wa jeshi la anga la Marekani alishawishi wakubwa wake waiache imalizike chini ya usimamizi wao. Ilikamilika 1946, zaidi ya saa mbili na nusu. Amri ikatolewa: negativu, nakala, vipande, vyote viende Marekani.

Wajapani hawakutoa vyote. Iwasaki na wenzake walitengeneza nakala kwa siri na kuificha kwenye dari ya maabara ya filamu. Waliofanya hivyo walijua hatari ya kupatikana nayo mbele ya jeshi linaloikalia nchi. Nakala iliyochukuliwa ilifungiwa kama siri ya serikali. Na kulikuwa na shehena nyingine: mwaka 1946 McGovern mwenyewe, akiwa na Herbert Sussan, aliongoza upigaji wa mikanda ya rangi, futi 90,000 hivi, hospitalini na mitaani. Nayo ikafungiwa. Sussan alihangaika miaka mingi akiomba ionyeshwe, akakataliwa.

Marekani ilirudisha Japani nakala ya filamu nyeusi na nyeupe mwaka 1967. Erik Barnouw, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alipata nakala nyingine kutoka hifadhi ya taifa, akachuja dakika 16, na mwaka 1970 dakika hizo zikaonekana kwenye televisheni ya umma ya Marekani. Miaka 25 ilikuwa imepita. Katika muda huo dunia ilikuwa imejadili, kujaribu na kulimbikiza silaha hizo kwa maelfu huku ikizijua kwa picha moja kubwa: lile wingu, lililopigwa kutoka mbali, ambalo ndani yake haonekani mtu hata mmoja. Ile mikanda ya rangi ilijulikana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wananchi wa Japani walianzisha kampeni ya kuinunua, kila mmoja akichangia yeni 3,000 kwa futi 10 za mkanda. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu chini ya sheria ya Marekani mtu yeyote anaweza kununua nakala ya kilichomo katika hifadhi ya taifa. Waliopigwa picha wakiwa watoto walijiona wakiwa watu wazima.

Filamu ya Bernstein ilitoka kabatini taratibu hivyo hivyo. Mwaka 1984 zile sehemu tano zilionyeshwa Berlin, na mwaka uliofuata kwenye televisheni ya Marekani kwa sauti ya Trevor Howard, bila sehemu ya sita. Kisha wahifadhi wa Imperial War Museum wakaifanya kazi ambayo naiheshimu kuliko neno la sifa linavyoweza kusema. Walichukua orodha ya picha ya 1945, wakatafuta kila kipande kilichotajwa kwa sehemu ya sita, ikiwamo mikanda ya Wasovieti, wakaipanga kama McAllister alivyokusudia, wakasafisha fremu kwa fremu, na kurekodi upya usimulizi kwa maandishi ya wakati ule. Hawakusahihisha makosa ya maandishi hayo, hata lile kubwa kuliko yote: kwamba hayasemi wazi kuwa sehemu kubwa ya waliouawa walikuwa Wayahudi. Filamu ilizinduliwa Februari 2014, miaka 69 baada ya kuanzwa, kwa jina lake la awali, German Concentration Camps Factual Survey.

Miaka minne baadaye mwongozaji wa filamu Peter Jackson alichukua mikanda ya vita vya kwanza kutoka makumbusho hayo hayo, akaitia rangi, akasawazisha mwendo wake na kuwapa askari sauti kwa msaada wa wataalamu wa kusoma midomo. Nimeguswa na kazi hiyo kama watu wengine, lakini rangi ile imewekwa na watu wa karne hii, na mtazamaji anastahili kukumbushwa hivyo kila mara. Mimi navutiwa zaidi na watafiti walioipekua filamu ya Somme fremu kwa fremu, wakalinganisha vilima na ramani, beji za mabegani na orodha za vikosi, midomo na maneno, mpaka wakajua mahali kamera iliposimama, na katika nyuso chache wakapata majina.

Kazi hiyo inawezekana kwa watu wetu pia. Vita vya pili havikuwaacha Waafrika Mashariki nje ya kamera kama vile vya kwanza. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipigana katika bonde la Kabaw nchini Burma mwaka 1944, katikati ya mvua na tope, na mwezi Desemba ikafika mto Chindwin pale Kalewa, ambapo wahandisi walijenga daraja la futi 1,154. Wapiga picha wa jeshi walikuwapo. Vijana wale wamo kwenye mikanda, wakivuka, wakibeba, wakicheka na wapiga picha. Watoto na wajukuu zao wako Machakos, Gulu, Songea na Zomba, na baadhi ya watoto hao wamekwisha kuwa wazee sana. Mtu anayemjua baba yake kwa mwendo tu, kabla hata ya kumwona uso, bado yupo. Nakala za mikanda hiyo zinaweza kuletwa leo kwa gharama ndogo kuliko wakati wowote uliopita, zikaonyeshwa kwenye ukumbi wa shule au uwanja wa kijiji, na mtu akakaa pembeni na daftari, akiandika majina watakayoyataja.